Mishale ya Maji ya Chini

Ofisini walimwita Bi Rangi, na jina hilo halikumkera. Aliingia idara ya maji akiwa msichana mwembamba wa kuchora ramani kwa wino na rula, enzi zile ambapo mkono ukiteleza kidogo tu unarudia karatasi nzima. Mabosi walikuja na kuondoka, yeye yupo. Kisha zikaja kompyuta. Meza za kuchorea zikatupwa uani zinyeshewe, na wachoraji wenzake wakaagwa mmoja mmoja kwa soda na maneno matamu. Bi Rangi hakuagwa kwa sababu alikuwa king'ang'anizi. Walipomwambia kazi ya kuchora kwa mkono imekufa, aliuliza ipi basi iko hai. Wakamwambia picha za kompyuta. Akasema nifundisheni hiyo, akavuta kiti akakaa.

Hakuna aliyekuwa na muda wa kumfundisha. Mhandisi wa idara, bwana mpole aliyezoea kunong'ona hata anapoagiza chai, alimwekea programu iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza. Kwenye programu hiyo mtu haandiki amri hata moja. Unalishika faili la namba kwa kipanya, unaliburuta, unaliachia katikati ya kioo, nayo programu inakujengea sanduku lenye urefu, upana na kina, unaloweza kuligeuzageuza kama mnunuzi anavyogeuza tikiti sokoni. Ukitaka rangi, kuna kitufe chenye picha ya brashi. Ukitaka kuona kitu kinaelekea wapi, kuna kitufe chenye picha ya mshale, na mishale midogo inajaa sanduku zima.

"Hii hata mtoto wa chekechea anaiweza," mhandisi alisema.

"Si mngemwajiri yeye, Injinia? Mshahara wake peremende."

Watu wakacheka, na Bi Rangi akacheka nao, lakini siku hiyo aliondoka wa mwisho. Aliligeuza lile sanduku mpaka mlinzi akaja kumwambia anafunga lango.

Namba zenyewe zilitoka kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa kwenye chumba cha peke yake, chenye kiyoyozi kisichozimwa. Kazi yake ilikuwa kuliiga bwawa linaloupa mji maji. Ilipewa upepo wa siku, kina cha maji na habari za milango ya kutolea maji kwenye ukuta wa bwawa, nayo ikapiga hesabu ya jinsi maji yanavyotembea katika kila tabaka. Maana bwawa, ukiliona limetulia hivyo, halitulii. Maji ya juu yanaweza kwenda huku na ya chini yakaenda kule, kama watu wawili wanaopishana kwenye ngazi. Mhandisi alizichukua namba hizo, akazitengeneza kidogo, kisha akampa Bi Rangi faili. Bi Rangi alizitia rangi na mishale, na wakubwa wakazitazama kwenye mikutano na kutikisa vichwa kana kwamba wameelewa. Huko kuzitengeneza kidogo kulikuwa kazi ya mhandisi, na Bi Rangi hakuwahi kuuliza ni kufanya nini. Mtu akikuletea nyanya zimeoshwa, unakata tu.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa pampu, ambaye mji mzima ulimwita Spana. Walizaliwa wawili tu, na mama yao, mshonaji, ndiye aliyewalea. Spana alikuwa mtu wa maneno. Akipita ofisini kuchukua vipuri, lazima asimame nyuma ya kiti cha dada yake.

"Dada, hivi unalipwa kwa mchezo huu? Mimi nayatoa maji, wewe unayapaka rangi."

"Nenda zako, wewe. Ungejua yanatoka wapi?"

"Yanatoka kwenye bomba."

Alikuwa akila kwa mama kila jioni ingawa alikuwa na chumba chake, na kila jioni alidai amepita kusalimia tu.

Siku ya ajali upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi. Pampu kubwa ya bwawa ilikaa juu ya chelezo cha mapipa, mbali na ufuko, na mdomo wake ulikuwa umezibwa na magugu. Spana alikwenda kuuzibua na mwenzake. Mwenzake akageuka kuchukua koleo ndani ya boti. Alipogeuka tena, chelezo kilikuwa kitupu. Jaketi la kuokolea lilikuwa palepale kwenye msumari wake. Mwenzake aliita hadi sauti ikakauka, akazunguka na boti akiuchoma majini upondo, ule mti wa kusukumia boti, na hakuna kilichogusa upondo.

Habari ilimfikia Bi Rangi akiwa kazini, na yeye ndiye aliyeipeleka kwa mama. Mama hakupiga kelele. Aliuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akauliza kama ameonekana. Bi Rangi akasema bado.

"Huyu nitamwona," mama alisema.

Bi Rangi alielewa. Baba yao alifia mbali, kazini, na akaletwa ndani ya jeneza lililopigwa misumari, pamoja na karatasi inayokataza kulifungua. Mama alizika mbao. Kwa miaka iliyofuata alikuwa akimwandama mwanamume yeyote aliyetembea kama mumewe, hata barabarani, hata na watoto mkononi, mpaka amwone usoni. Wakati mwingine alimwandama mtu mpaka mlangoni kwake na kuomba radhi. Watoto waliona aibu, kisha wakazoea, na kuzoea kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko aibu. Sasa mama alitaka jambo moja tu: auone uso wa mwanawe kabla hajafukiwa.

Wapiga mbizi waliletwa kesho yake. Mkuu wao alikuwa mtu mnene, mwenye macho mekundu ya maji, na alimwambia Bi Rangi ukweli bila kuuzungusha. Kule chini hawaoni hata vidole vyao, wanapapasa. Bwawa ni kubwa mno kulipapasa lote, na wamepewa siku chache. Chini maji ni baridi, na baridi humhifadhi mtu kwa muda, lakini si kwa muda mrefu.

"Tukichelewa tutampata," alisema, "ila mama yako hatutamruhusu amtazame."

Ndipo Bi Rangi akakumbuka mishale yake.

Mhandisi alikuwa safarini ng'ambo, kwenye semina, na simu yake haikupatikana. Lakini kompyuta kubwa haikuwa imekwenda semina. Ilikuwa ikiendelea kupiga hesabu za kila siku, na faili la siku ile ya upepo lilikuwa mahali pake. Bi Rangi alijua linakaa wapi. Alilichukua mwenyewe, kama lilivyo. Kompyuta yake ndogo ingekwama ikipewa bwawa zima, kwa hiyo alikata kipande cha maji kuzunguka chelezo, akakiburuta, akakiachia. Sanduku likajengeka. Akabofya mshale.

Picha ilikuwa safi, pengine safi kuliko zote alizowahi kutengeneza. Mishale ya juu ilielekea ukutani. Mishale ya chini ilielekea upande wa pili kabisa, kwenye matete. Aliligeuza sanduku, akalitazama ubavuni, akalitazama kwa nyuma. Mtu aliyezama yuko chini, na maji ya chini yalikwenda kwenye matete. Alilia hapo kwa mara ya kwanza, kwa sababu miaka yote ile ya kupaka rangi ilikuwa imemfaa mtu wake.

Aliibeba kompyuta mpakato mpaka ufukoni, akamwonyesha mkuu wa wapiga mbizi.

"Mlikuwa mnaanzia wapi?" aliuliza.

"Kwenye chelezo, halafu tuelekee ukutani. Ni kubahatisha tu."

"Msibahatishe. Mdogo wangu yuko kwenye matete."

Wakahama. Mama pia akahama. Alikuwa amekaa karibu na ukuta, kwenye jiwe, na Bi Rangi akamshika mkono akamzungusha bwawa zima, akamtandikia kanga upande wa matete. Mchana wake ikapatikana kofia ya Spana, ile ya plastiki ya manjano ya kazini, imenasa kwenye matete kabisa, hatua chache kutoka pale walipokuwa wamekaa. Mwenzake wa pampu aliichukua kwa mikono miwili. Mkuu wa wapiga mbizi akamtazama Bi Rangi kwa heshima, akawaambia vijana wake wakaze.

Wakakaza. Walipapasa matete mpaka mikono ikachanika. Walipanua eneo, wakarudia eneo. Bi Rangi aliwaletea chai na picha mpya, kila siku faili jipya, kila siku mishale ya chini ikielekea palepale. Mama alikaa na kofia mapajani. Watu walipomsihi arudi nyumbani kupumzika alisema yupo sawa, Dada mtu amesema yuko hapa. Hakusema kompyuta imesema. Alisema Dada mtu.

Siku za wapiga mbizi zikaisha, wakafungasha. Mkuu wao alimpa mama mkono.

Mhandisi alirudi mwanzoni mwa juma. Alikuwa amepata habari njiani, na alikuja moja kwa moja kwenye meza ya Bi Rangi akiwa bado na begi. Alimpa pole kwa ule mnong'ono wake. Kisha macho yake yakaenda kwenye kioo, kwa sababu picha ilikuwa bado iko wazi, na akaliweka begi sakafuni.

"Faili hili ulilitoa wapi?"

"Kule kule unakolitoa wewe."

"Na hukulipindua?"

Bi Rangi hakuelewa. Mhandisi akavuta kiti. Alimweleza polepole, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wake mwenyewe ulivyobadilika. Kompyuta kubwa inahesabu matabaka kuanzia juu. Kwake yeye tabaka la kwanza ni uso wa maji. Programu ya wanaoanza inajenga kuanzia chini, kama mtu anayejenga ukuta wa matofali. Kwake yeye tabaka la kwanza ni sakafu. Kwa hiyo faili likiingia lilivyo, bwawa linasimama kichwa chini. Yeye huwa analipindua kwanza, kila mara, kabla ya kumpa. Ni jambo dogo, hakuona haja ya kulisema. Ukiliona bwawa zima unagundua mara moja, kwa kuwa sakafu inakuwa juu. Lakini ukikata kipande cha maji matupu, juu na chini vinafanana.

Bi Rangi alikuwa ameacha kumsikiliza. Alikuwa akifikiria kofia. Kofia ya plastiki inaelea. Ilikuwa imepelekwa kwenye matete na maji ya juu, na upepo, mbele ya macho ya watu wote, na yeye alikuwa ameichukulia kuwa ushahidi.

"Pindua," alisema.

Kulikuwa na kitufe cha kufanya hivyo, chenye mishale miwili, mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka. Alikuwa akikiona kila siku na hakuwahi kuwa na kazi nacho. Mhandisi akabofya. Sanduku likageuka, na mishale yote ya chini ikaelekea ukutani, kwenye mlango wa chini uliokuwa wazi.

Mhandisi alipiga simu mwenyewe, na safari hii hakunong'ona. Wapiga mbizi walirudi. Walizama karibu na ukuta, na asubuhi haikwisha kabla hawajampata, amebanwa kwenye nondo za mlango wa chini. Mama alikuwa amelala nyumbani kwa mara ya kwanza tangu ajali, baada ya majirani kumlazimisha.

Mkuu wa wapiga mbizi alimzuia Bi Rangi pale ufukoni asimtazame. Hospitali hawakumzuia, kwa sababu lazima mtu wa familia aseme ndiye. Alimtambua kwa mkanda aliomnunulia mwenyewe, na kwa kovu la goti. Usoni hapakuwa na cha kutambua. Daktari alimwambia kwa upole kwamba wangempata mapema ingekuwa vingine, na hakujua alikuwa akimwambia nani.

Bi Rangi bado yuko kazini, kama kuna anayetaka kujua. Wapo waliotarajia ataacha. Alirudi baada ya mazishi, akakaa palepale, na mhandisi akamwambia mara nyingi, mpaka akachoka, kwamba kosa lilikuwa lake yeye mhandisi. Pengine ni kweli. Kosa linaweza kugawanywa kwa haki kabisa kati ya watu wawili, na kila mmoja akaenda nalo nyumbani likiwa zima. Siku hizi hapokei faili kabla hajauliza tabaka la kwanza ni la juu au la chini. Anauliza hata kama aliambiwa jana. Juu ya kila picha anaandika JUU, kwa herufi kubwa, na vijana wapya wa ofisi wanamtania kwamba bibi anaogopa tutaning'inia kama popo. Anawaacha wacheke. Hajawahi kuwaeleza.

Lakini siku ile alitoka hospitali akaenda kwa mama kwa miguu, akipita njia ndefu. Alimkuta amesimama mezani anapiga pasi. Alikuwa ameambiwa na majirani kwamba mwanawe amepatikana, akalifungua sanduku la nguo, akatoa shati jeupe ambalo Spana alilivaa siku moja tu, kwenye harusi ya rafiki yake, akalalamika kola inamkaba. Mama alikuwa ameifumua kola na kuipanua. Uzi mpya ulionekana.

Bi Rangi alimwambia kila kitu akiwa amesimama mlangoni. Alimwambia kuhusu faili, kuhusu juu kuwa chini, kuhusu kofia. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyewahamisha wapiga mbizi, na yeye ndiye aliyemwinua mama kwenye lile jiwe. Hakutia maneno ya kujitetea. Mama aliendelea kupiga pasi mkono mmoja wa shati, kisha mwingine, na Bi Rangi hakujua kama amemsikia.

"Watamvisha hili?" mama aliuliza.

"Wataliweka ndani, mama. Juu yake."

"Watalifunga jeneza."

"Watalifunga, mama."

Mama aliisimamisha pasi wima. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaipitisha mikono juu ya magoti, mara moja, kama anayefuta vipande vya nyuzi.

"Lakini wewe umemwona."

"Nimemwona."

"Usoni?"

Njia nzima kutoka hospitali alikuwa ameliandaa jibu hili. Aliona ni kitu kimoja tu anachoweza kumpa. Mama asingemwandama tena mtu barabarani. Angelala.

"Usoni, mama. Alikuwa kama amelala. Hakuharibika. Alikuwa yeye kabisa."

Aliyasema vizuri. Sauti haikutetemeka, na alimtazama mama machoni, jinsi mtu anavyosema jambo alilolichunguza pande zote.

Mama naye alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Bi Rangi angeipokea hasira kwa mikono miwili. Kulikuwa na hamu tu, hamu ya mtu anayetaka kuamini na hajui tena aegemee wapi.

"Na hili una hakika nalo, mwanangu?"

Bi Rangi alifungua kinywa kusema ndiyo. Shati lilikuwa limeanza kupoa mezani. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande wake, akisubiri, na alisubiri sana.